Hesabu ya Fuko

Anayelima viazi mviringo Njombe hahitaji kuelezwa fuko ni nani. Asubuhi anakuta vilima vidogo vya udongo mbichi vimepita katikati ya matuta, shina moja limelala, na akilivuta linatoka bila kiazi hata kimoja. Fuko amevuna kabla yake, tena kutoka chini. Katika mitaa tunayoihudumia, kutoka vilima vya Njombe hadi uwanda wenye upepo wa Makambako, tumewahi kuombwa tuombee mashamba juu ya ukame, juu ya baridi kali ya Juni na Julai, juu ya mnyauko, na juu ya fuko. Tumeomba. Pia tumekaa na vijana wakitega: fimbo mbichi inayopindwa, kamba yenye kitanzi inayoshushwa ndani ya shimo, na subira nyingi. Fuko hapendi njia yake iachwe wazi. Akihisi hewa na mwanga huja kuziba, na hapo ndipo hunaswa.

Ukimshika, na umshike vizuri maana meno yake hayana mzaha, unamwona mnyama aliyepunguziwa kila kisichohitajika gizani. Macho ni kama vidoti. Masikio ya nje hayapo. Meno ya mbele yametokeza nje ya midomo, na midomo hufunga nyuma ya meno, ili achimbe kwa meno bila kumeza udongo. Manyoya yana rangi ya majivu yenye mng'ao. Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekusanya wanyama Msumbiji katika miaka ya 1840, alimpa jina la kitaalamu mwaka 1846: Heliophobius argenteocinereus, yaani mwenye kuogopa jua, wa rangi ya fedha na majivu. Anaishi peke yake. Dume na jike hukutana kwa ajili ya uzazi tu, kisha kila mmoja hubaki na mashimo yake. Wanakwaya wetu walipoelezwa jambo hili walicheka sana, na mmoja wao akasema anawafahamu wanaume wa namna hiyo pale Makambako.

Tulianza kumfikiria fuko kwa namna nyingine kwa sababu ya nyumba moja. Wenye nyumba hiyo wameturuhusu kuandika, bila majina na bila kutaja kijiji. Walifunga ndoa mbele ya madhabahu yetu, wote wawili wakiwa walimu wa shule ya Jumapili. Katika miaka sita mimba nne ziliharibika, zote kabla ya mwezi wa nne. Ya kwanza watu waliwapa pole. Ya pili walinyamaza. Baada ya ya tatu maneno yalianza upande wa mume: huyu mwanamke ana mkosi, ametoka nao kwao, tumbo lake halipokei mbegu ya ukoo huu. Nabii mmoja aliyekuwa akipita mjini aliwaambia kuna kiapo cha bibi mzaa bibi ambacho hakijavunjwa, akawauzia maji katika chupa. Baada ya ya nne, baba mkwe, mtu mwenye heshima na mtoaji mwaminifu wa sadaka, alisema waziwazi kwamba itabidi kijana wake apewe ruhusa ya kutafuta kwingine.

Lakini kilichomwumiza zaidi yule mama, kama alivyotueleza mwenyewe, kilitokea kanisani kwetu. Ilikuwa desturi wakati wa meza ya Bwana akina mama kumwachia aliye jirani mtoto mchanga ili waende wakapokee. Polepole akagundua kwamba hakuna anayemwachia yeye. Mtoto alipitishwa mbele yake, akapewa aliye upande wa pili. Hakuna aliyesema neno. Tunaandika hili kwa sababu sharika nyingi zina benchi la namna hiyo, na mchungaji akiwa madhabahuni halioni.

Daktari wa akina mama aliyewapokea Dar es Salaam aliwachukua damu wote wawili, mke na mume. Kwanza mume alishangaa: yeye anapimwa kwa nini? Damu ilipelekwa nje ya nchi. Gharama haikuwa ndogo, na umoja wa wanawake ulichangia bila kutangaza ibadani, jambo ambalo tunamshukuru Mungu kwalo. Majibu yalikuja baada ya miezi. Mke alikuwa na kromosomu 46, kama ilivyo kawaida kwa binadamu. Mume alikuwa nazo 45.

Hapa inabidi tueleze kidogo, na tutaeleza kwa kitu tunachokifahamu, yaani vitabu vya Biblia.

Kila chembe hai ya mwili, ambayo wataalamu huiita seli, ina ndani yake maandiko ya urithi. Maandiko hayo hayakuandikwa katika kitabu kimoja kirefu. Yamegawanywa katika majuzuu, na kila juzuu ni kromosomu moja. Binadamu ana majuzuu 46 kwa jozi 23: katika kila jozi moja limetoka kwa baba, jingine kwa mama. (Kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vya wasomi viliandika kwamba ni 48. Ni mwaka 1956 tu ndipo Joe Hin Tjio na Albert Levan, katika mji wa Lund huko Sweden, walipohesabu vizuri na kupata 46. Wakati huo wote watu walikuwa wakizaliwa, wakibatizwa na kuzikwa na 46 zao bila kusubiri wasomi.)

Sasa, tulipokuwa chuo cha theolojia tukijifunza Agano la Kale tuliambiwa jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: kwa Waebrania Samweli ni kitabu kimoja. Wafalme kadhalika, na Mambo ya Nyakati. Ni tafsiri ya Kiyunani iliyovigawa viwili viwili. Manabii wadogo kumi na wawili kwao ni gombo moja. Ndiyo maana wao huhesabu vitabu 24, nasi tunahesabu 39, na maneno ni yale yale. Mtu akikuambia Agano lake la Kale lina vitabu 24, usikimbilie kumwambia amepoteza kumi na vitano. Muulize kwanza vimejalidiwaje.

Yule mume amejalidiwa tofauti. Juzuu moja la namba 13 na moja la namba 14 zimeunganishwa katika jalada moja. Maneno yote muhimu yapo. Vipande vidogo vinavyopotea pale pa kuungia vina mambo ambayo majuzuu mengine pia yanayo. Ndiyo maana yeye ni mzima, ana nguvu, anaimba besi vizuri na analima ekari tatu. Kuungana huku kunaitwa kwa jina la Robertson, Mmarekani aliyekueleza mwaka 1916 akichunguza panzi. Miongoni mwa binadamu anakadiriwa kuwapo mtu mmoja wa namna hii katika kila elfu moja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu laki tisa mkoani Njombe. Kama uwiano huo unashika hapa kwetu, basi kuna kama watu mia tisa wa aina hii mkoani, wanaouza mbao na parachichi, wanaopanda basi pale Makambako, wengi wao hawajui na hawatajua.

Shida huja wakati wa kugawa. Mwili unapotengeneza mbegu ya uzazi hugawa rafu nusu kwa nusu: katika kila jozi mbegu hupata juzuu moja. Kwa mume huyu, pale ambapo wengine wana jozi mbili zilizotulia, yeye ana vitu vitatu vinavyopaswa kushikana: juzuu lililounganishwa, 13 iliyo peke yake, na 14 iliyo peke yake. Mara nyingi ugawaji huenda sawa. Mara nyingine mbegu hupata lililounganishwa pamoja na 14 ya ziada, au hukosa 13 kabisa. Mtoto anayeanza kutungwa hivyo ana ukurasa mwingi mno au pungufu mno, na kwa kawaida haendelei. Mama hupata uchungu na damu, na watu huanza kuuliza kwao ni wapi.

Majibu yalipofika, mke alilia kwa sababu miaka sita ya maneno ilikuwa imeondolewa mgongoni pake. Mume hakulia. Alikaa na ile karatasi akiangalia tarakimu mbili. Akatuuliza: "Mchungaji, kumbe mimi si mtu kamili?" Tulimweleza habari za Samweli na Wafalme. Alikubali kwa kichwa, lakini tuliona haikushuka moyoni. Mambo ya vitabu ni mambo ya wachungaji.

Aliyepata njia ni kijana wa mwinjilisti wetu, aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako kuna wataalamu wanaochunguza panya na wanyama waharibifu. Alikuwa likizo. Aliposikia swali alisema, "Baba, mwambieni habari za fuko." Akatueleza, nasi tukaendelea kusoma baada yake.

Fuko hawa wa rangi ya majivu waliopimwa Kenya wana kromosomu 60. Waliopimwa Zambia wana 62. Kwa macho hutaweza kuwatofautisha kwa urahisi, na kwa muda mrefu wote waliitwa spishi moja yenye nususpishi kadhaa. Mwaka 2011 watafiti, miongoni mwao wa Sokoine, walichapisha uchunguzi wa DNA ya fuko hawa kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki na kusini yake, wakaonyesha kwamba chini ya jina hilo moja kuna matawi kadhaa ya kale sana, yaliyotengana muda mrefu. Ndugu zake wengine, wale wanaoishi kwa familia chini ya ardhi, wamewekwa katika jenasi iitwayo Fukomys, na jina hilo limebeba neno letu fuko. Huko hesabu zimeachana mno: fuko mkubwa wa Zambia ana 40, wa eneo la Lusaka 68, wa Kafue 58, wa nyika kavu za Namibia na Botswana 74 hadi 78. Mwaka 2017 spishi mbili mpya za kundi hilo zilitangazwa kutoka Tanzania yetu, moja ya Hanang na nyingine ya upande wa Ujiji. Watu wa huko walikuwa wakiwatega siku zote.

Inakuwaje mnyama yule yule atofautiane hivi? Inasaidia kukumbuka maisha yake. Fuko hasafiri. Kutembea kwake ni kuchimba, na kuchimba ni kazi. Bonde la Ufa, mto, mwamba, udongo wa mfinyanzi, msitu mzito, vyote ni ukuta kwake. Anayezaliwa upande mmoja wa safu ya Kipengere hana njia ya kwenda kuoa upande wa pili. Kwa hiyo wanaishi katika vikundi vidogo vilivyofungiwa. Katika kikundi kidogo, siku moja anazaliwa mmoja mwenye majuzuu mawili yaliyounganishwa, kama mume wetu yule. Anapata shida ya uzazi kidogo, lakini anazaa. Watoto wake wengine wanarithi muungano huo. Kwa kuwa kikundi ni kidogo, baada ya vizazi hutokea dume na jike wote wanao, na mtoto wao anapata lililounganishwa kutoka pande zote mbili. Huyu hana tena shida ya kugawa: jozi yake imetulia. Vizazi vikizidi, kilima kizima kina hesabu mpya. Baadaye wakikutana na wale wa hesabu ya zamani, watoto wa mchanganyiko ndio wanaopata tabu, na polepole kikundi kimoja kinakuwa viwili. Muungano si njia pekee, kuna kugawanyika na kugeuka pia, lakini hivyo ndivyo hesabu inavyoweza kusogea, na mara nyingine ndivyo nususpishi zinavyoelekea kuwa spishi.

Kwa mchungaji kuna utamu mwingine. Nabii Isaya, katika sura ya pili, anasema itakuja siku ambayo watu watatupa sanamu zao za fedha na dhahabu kwa fuko na popo. Wasomi wa Kiebrania hubishana kuhusu neno lile, lenye maana ya kuchimba. Lakini nchi ile ina wachimbaji wake, fuko kipofu kabisa, ambaye kwa ukoo yuko mbali na wa kwetu ila kazi moja imewapa umbo moja. Eviatar Nevo wa Chuo Kikuu cha Haifa na wenzake walimchunguza kwa miongo mingi, na taarifa yao mashuhuri ilitoka mwaka 1969. Walikuta hesabu nne katika nchi ndogo isiyozidi sana mkoa mmoja wa kwetu: Galilaya ya juu 52, milima ya Golani 54, Galilaya ya chini 58, na kuanzia Samaria na Uyahudi hadi kaskazini mwa Negebu 60. Kadiri unavyoshuka kwenye ukame, hesabu inapanda. Bwana wetu alipokuwa akitembea kutoka Nazareti kwenda Yerusalemu, chini ya nyayo zake hesabu ya fuko ilikuwa ikibadilika.

Tunajua baadhi ya ndugu watasoma hapa na kukunja uso. Je, Mwanzo haisemi kila mnyama aliumbwa kwa jinsi yake? Inasema, na tunaiamini. Neno la Kiebrania ni min. Lakini sura ile haisemi jinsi hizo ziko ngapi, wala kwamba Mungu alifunga mlango baada ya kuziweka. Inasema aliiamuru nchi itoe, na viumbe aliwabariki ili waongezeke. Baraka ya kuongezeka inatolewa kwa kitu kinachoendelea. Kwa maoni yetu, mtu anayesema kromosomu za fuko zinampinga Mungu amechanganya Muumba na karani wa masjala. Wala si ajabu kwamba mlango wa elimu hii ulifunguliwa na mtawa, Gregor Mendel, aliyechapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866. Alikuwa wa shirika la Waagustino, lile lile alilotoka Martin Luther. Walutheri tunaweza kumhesabu kuwa jamaa.

Lakini hatutaki kuifanya habari hii tamu kuliko ilivyo. Njia ile ile iliyojaza mabonde aina za fuko ndiyo iliyomwaga mimba nne katika nyumba ya walimu wetu wa shule ya Jumapili. Hatuwezi kuisifu upande mmoja na kuifunika upande wa pili. Huko Ulaya kuna wanyama wadogo wa ukoo wa salamanda, wenye mkia, wanaotaga mayai yao katika madimbwi, sisi hatunao. Wana kromosomu 24, na ile jozi ya kwanza, iliyo kubwa, ina sura mbili. Yai lililopata sura mbili tofauti huishi. Lililopata mbili zinazofanana hufa kabla ya kuanguliwa. Kwa hiyo nusu ya mayai yote hufa, kila mwaka, kila dimbwi, tangu zamani za kale. Nusu. Tulipolisoma hili hatukuweza kuandaa mahubiri siku ile. Ayubu anaonyeshwa mbuni anayeacha mayai yake mavumbini, na anaambiwa hiyo pia ni kazi ya yule aliyemnyima ndege huyo akili, hapewi sababu.

Luther aliijua hali hii, si kwa kitabu tu. Binti yake Elisabeth alikufa mwaka 1528 hajatimiza mwaka. Magdalena alikufa mwaka 1542 akiwa na miaka kumi na mitatu. Na mkewe Katharina alipoteza mimba, akaugua karibu kufa. Mwalimu aliyetufundisha kusema juu ya Mungu aliyejificha alikuwa baba aliyebeba majeneza madogo. Tunalitaja kwa wanaodhani msiba wa tumbo ni alama ya imani ndogo.

Na Injili ya Yohana, sura ya tisa, tulirudi huko mara nyingi. Wanafunzi wanamwona kipofu wa tangu kuzaliwa, na swali lao la kwanza ni nani ametenda dhambi, yeye au wazazi. Swali hilo ndilo la kijiji chetu, ndilo la nabii wa chupa za maji. Yesu analikataa lote, pande zote mbili. Kisha hatoi maelezo ya macho. Anainama, anatengeneza tope.

Tulimweleza mume habari za fuko jioni moja, tukiwa tumesimama shambani kwake, si ofisini. Kijana wa Sokoine ndiye aliyesema zaidi. Mume alisikiliza, akapiga teke kilima kimoja cha udongo na kuuliza: "Kwa hiyo wa 60 akikutana na wa 62, mtoto anakuwa na 61?" Akaambiwa ndiyo. "Na huyo wa 61 ni fuko?" Ni fuko. "Anakula viazi?" Anakula. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu karatasi ile ifike. Akasema twende kwa baba yake, na kwamba atakayesema ni yeye.

Daktari amewaambia kwamba wengi wenye muungano wa namna hii hupata watoto wazima, wakijaliwa na wakivumilia. Hadi tunapoandika hawajapata. Wapo, wanaendelea kufundisha shule ya Jumapili, na mwaka jana mzee mmoja wa kanisa, mwanamke, alimwachia yule mama mjukuu wake wakati wa chakula cha Bwana, kwa makusudi, mbele ya watu wote. Wiki iliyofuata alifanya hivyo mwingine.

Kwa baba mkwe tulikwenda watatu, mchungaji, mwinjilisti na yule mama mzee wa kanisa, pamoja na wenye ndoa wenyewe. "Kamwene," alitupokea mzee, nasi tukaitika. Ilikuwa Jumamosi, baridi ya Julai, tukakaa karibu na moto. Mtoto wake alisema kila kitu akiwa amesimama, akionyesha karatasi ambayo baba yake hakuweza kuisoma. Hakuanza na vitabu wala na daktari. Alianza na fuko. Aliposema "shida inatoka kwangu, baba, haitoki kwake," mzee aliangalia chini muda mrefu.

Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia kutoka kwake. "Na wewe umeitoa wapi?"

Tulimwambia kwamba wakati mwingine jambo hili huanza na mtu mwenyewe, lakini mara nyingi mtu huwa amelirithi kwa baba au kwa mama, naye akaishi nalo bila kujua. Mzee akasema yeye ana watoto saba. Tukasema ndiyo, inawezekana kabisa kuwa na watoto saba.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na sufuria ya viazi. Hakuwa amesema neno tangu tufike. Akaweka sufuria chini, akamwangalia mumewe. "Mimi nilipoteza watatu," akasema. "Wawili kabla ya huyu, mmoja baada yake. Mama yako alinikataza kusema." Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Yule mama alipita mbele yetu, akaketi mkekani kando ya mkwewe, akaanza kummenyea kiazi.